UZI: Picha inakimbia kwenye oskiloskopu? Usiivunje vipuri kabla hujaielewa triga

FundiMeza (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kibandani kwangu Kariakoo amebeba skopu (oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini) ya mitumba, ile ya tyubu, chaneli mbili, megahezi 20. Aliyemuuzia alimwambia haishiki picha, afungue achukue transfoma na nobu. Tukaiwasha, tukaiacha ipate joto, nikagusisha probu (waya wa kupimia) kwenye kile kipini cha CAL kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Kweli, mraba ulikuwa unakimbilia kulia bila kusimama. Nikashuka kwenye eneo lililoandikwa TRIGGER. Swichi ya SOURCE ilikuwa kwenye EXT (triga kutoka nje), na tundu la EXT lilikuwa tupu. Nikaisogeza hadi CH1. Picha ikatulia hapo hapo.

Mashine nzima ingeishia kwenye ndoo ya vipuri kwa sababu ya swichi moja. Nimeshaona hili mara nyingi na linaniuma, ndiyo maana naleta uzi huu.

Tuanze na kinachotokea ndani. Mwale wa elektroni unafagia skrini kutoka kushoto kwenda kulia, unazimwa, unarudi kushoto, unafagia tena. Ukiwa kwenye mikrosekunde 100 kwa kisanduku cha skrini (viko 10 kwa upana), mfagio mmoja unachukua milisekunde 1, na kwa sekunde moja inapita mamia ya mifagio. Jicho lako linaona mstari mmoja kwa sababu mifagio yote imelaliana. Lakini italaliana iwapo tu kila mmoja umeanza mahali pale pale pa wimbi. Mmoja ukianzia kileleni, wa pili bondeni, wa tatu katikati, utapata fujo au picha inayotembea. Kazi ya triga ni hiyo tu: kuuambia mwale "subiri, subiri, sasa nenda".

Na hilo "sasa" unalipanga wewe kwa mambo matatu. SOURCE inasema triga isikilize waya gani. LEVEL inasema ingoje wimbi lifike volti ngapi. SLOPE inasema lifike hapo likiwa linapanda au linashuka. Ukiweka CH1, volti 1, SLOPE upande wa kujumlisha (kupanda), umeiambia skopu hivi: kila mara wimbi la chaneli ya kwanza linapopanda na kuvuka volti 1, anza kuchora.

Fanyeni jaribio hili leo, wenye mashine. Leteni wimbi la saini (sine, lile la mviringo), zungusheni LEVEL taratibu na mtazame ncha ya kushoto kabisa ya mchoro. Mtaona inapanda na kushuka juu ya wimbi, kama mtu anayechagua ngazi ya kusimama. Bonyezeni SLOPE, na ncha hiyo inahamia upande wa mteremko. Endeleeni kuzungusha LEVEL mpaka ipite kilele cha wimbi. Hapo ndipo modi mbili za triga, AUTO na NORM, zinapoachana.

Kwenye AUTO, skopu ikikosa triga kwa muda mfupi, makumi machache ya milisekunde hivi, inaamua kuchora yenyewe. Ndiyo maana probu ikiwa hewani bado unaona mstari. Ukipitisha LEVEL juu ya kilele, picha haipotei, inaanza kukimbia tu.

Kwenye NORM haichori kabisa bila triga. LEVEL ikipita kilele, skrini inakuwa giza totoro. Hapa ndipo watu wanapodhani tyubu imekufa, wanapandisha INTENSITY mpaka mwisho, kisha triga ikishika ghafla mwale unawaka mkali na unaweza kuchoma utando unaong'aa wa skrini (fosfa). Nawasihi: ukiona giza, rudi AUTO kwanza, tafuta mstari, ndipo uguse mwanga.

Mimi hukaa AUTO ninapotafuta, na huhamia NORM nikishajua ninachotafuta. AUTO inakuonyesha kitu hata pasipo na kitu. Ni rafiki mzuri wa kuanzia, lakini si wa kumwamini kwa kila jambo.

Neno moja la mwisho: triga ya ndani inahitaji wimbi lenye urefu wa kutosha kwenye skrini, walau kisanduku kimoja. Ukiwa na wimbi lililonyooka kama uzi kwa sababu VOLTS/DIV (volti kwa kisanduku) iko juu mno, utahangaika na LEVEL hadi kesho.

Karibuni kwa maswali.

---

BintiWaMaabara:

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Arusha. Tumetengeneza saketi ya kumulika LED kwa IC ya 555 (chipu ya kutoa mapigo ya muda), resista mbili za kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10, betri ya volti 9. Kwa hesabu inatakiwa iwe hezi 4.8 hivi. Kwenye skopu tuko AUTO, SOURCE ni CH1, LEVEL tumezungusha kote, lakini kila mchoro unaanzia mahali pake. Mwenzangu anasema saketi haina utulivu. LED kwa macho inamulika vizuri tu.

---

FundiMeza:

Marahaba mdogo wangu. Saketi yenu haina kosa, na macho yenu yamewaambia kweli.

Angalia muda. Hezi 4.8 ni kipindi cha milisekunde 208. Triga moja inakuja, skopu inachora, inamaliza, inangoja ukingo mwingine unaopanda. Ukingo huo unaweza kuwa bado uko mbali zaidi ya milisekunde 100. AUTO haina subira hiyo. Inachoka kungoja na kuanza kuchora katikati ya njia. Skopu nyingi za aina hii AUTO yake haifai chini ya hezi 20 au 30 hivi.

Fanyeni hivi. Kwanza TIME/DIV (muda kwa kisanduku) iwe milisekunde 50, VOLTS/DIV iwe 2 kwenye probu ya x1 (isiyopunguza wimbi). Pili, modi iende NORM. Tatu, tazameni swichi ya COUPLING ya eneo la triga (si ile ya AC-GND-DC ya chaneli, ni nyingine) na iwekeni DC. Ikiwa AC, kuna kapasita njiani inayodhoofisha mawimbi ya polepole kabla hayajafika kwenye triga. Mkijua hilo mtaokoa saa nyingi. Kisha LEVEL katikati ya mraba. Punguzeni taa za chumba, maana kwa kasi hiyo mtaona nukta inayotembea na mkia wake, si mstari kamili.

Mkimaliza rudi utupe majibu.

---

SautiPwani:

Fundi, niko Mombasa, kazi yangu ni amplifaya na spika za harusi. Nina amplifaya inavuma "mmmm" muda wote. Nimeweka probu kwenye spika, naona mavumbi tu yanacheza, siwezi kujua ni nini. Umeongea SOURCE lakini LINE hukuitaja. Hiyo hutumika kwa nini?

---

FundiMeza:

Hili ni swali zuri kuliko unavyodhani, kaka. LINE ndiyo swichi inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayonilipia kodi ya kibanda.

Ukiweka LINE, triga haisikilizi probu yako hata kidogo. Inasikiliza umeme wa ukutani unaoiendesha skopu yenyewe, hezi 50 kwetu na kwenu. Kwa hiyo chochote kwenye skrini chenye uhusiano na umeme wa ukutani kitasimama, na chochote kisicho na uhusiano kitaendelea kupita. Ni kama chujio.

Amplifaya yako: zima muziki, SOURCE kwenye LINE, TIME/DIV milisekunde 5. Skrini ina visanduku 10, kwa hiyo unaona milisekunde 50. Sasa hesabu.

Vilele vikiwa kila baada ya visanduku 2, hiyo ni milisekunde 10, yaani hezi 100. Huo ni mvumo wa daraja la diodi linalogeuza pande zote mbili za wimbi. Nenda moja kwa moja kwenye kapasita kubwa za kuchujia, pengine zimekauka. Weka probu juu ya kapasita yenyewe, chaneli ikiwa AC, utaona meno ya msumeno: yanapanda haraka, yanashuka taratibu. Kapasita nzima, meno mafupi. Kapasita iliyochoka, meno marefu.

Vilele vikiwa kila baada ya visanduku 4, hiyo ni hezi 50. Hapo achana na kapasita kwanza. Inaweza kuwa diodi moja ya daraja imekatika, au ni ethi: waya wa kuingizia sauti umevuliwa ngao yake, au vifaa viwili vimeunganishwa ethi kupitia njia mbili. Chomoa nyaya zote za kuingizia sauti. Mvumo ukikoma, umeshapata njia.

Na ikiwa mavumbi yanaendelea kukimbia hata kwenye LINE, basi hayatoki kwenye umeme wa ukutani. Yatafute kwingine: chaja ya simu iliyo karibu, au amplifaya yenyewe inaimba kwa masafa ya juu usiyoyasikia. Rudisha SOURCE kwenye CH1, punguza TIME/DIV kuelekea mikrosekunde, na utayakamata.

---

SautiPwani:

Visanduku 2. Meno ya msumeno kama ulivyosema, urefu wake volti 3 na zaidi. Nimebadilisha kapasita zote mbili, mvumo umeisha, meno sasa hayafiki hata nusu volti. Asante sana, Mungu akubariki.

---

DijitaliTu:

Wakuu, kwa heshima zote, siku hizi skopu za dijitali ndogo zipo kila mahali na zina kitufe cha AUTOSET kinachojipangia kila kitu. Kuna haja gani ya kujifunza vitu hivi?

---

MzeeWaTyubu:

Mjukuu, naomba nimsaidie mleta uzi hapa.

Skopu za zamani sana hazikuwa na triga. Mfagio ulikuwa unajiendesha wenyewe bila kukoma, nawe unazungusha nobu ya SYNC kujaribu kuulazimisha uende sawa na wimbi. Ukigusa masafa kidogo, umeanza upya. Mwaka 1946 Howard Vollum na Jack Murdock walianzisha Tektronix kule Portland, Oregon, Marekani, na mwaka 1947 wakatoa skopu yao ya 511 yenye mfagio unaongoja triga na wenye muda uliopimwa. Kutoka hapo fundi aliweza kusoma muda kwenye skrini kama anavyosoma rula.

Hiyo dijitali yako ina AUTO, NORMAL, SINGLE, LEVEL, SLOPE, HOLDOFF. Majina ni yale yale kwa sababu kazi ni ile ile. AUTOSET inabahatisha kwa niaba yako. Ikikutana na wimbi la 555 la yule binti, au data ya rimoti, mara nyingi inashindwa, na wewe uliyezoea kitufe kimoja huna pa kwenda.

Kuna modi mbili zaidi ambazo vijana hawazitumii tena: TV-V na TV-H. Tuliishi nazo. TV za tyubu za PAL (mfumo wa TV ya rangi tuliokuwa nao) zilikuwa na mistari 625, zikichora mstari mmoja kwa mikrosekunde 64, yaani hezi 15,625, na sehemu 50 za picha kwa sekunde. Picha ya video ni msitu wa mawimbi, hakuna LEVEL inayoishika vizuri. TV-H ilichomoa mapigo ya mstari peke yake, TV-V ikachomoa mapigo ya sehemu ya picha. Hapa kwetu mitambo ya analogia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kazi hiyo ikapungua mpaka ikaisha. Lakini nani bado ana kamera ya CCTV ya waya wa koaksi ya zamani? Bado ni video ile ile. Weka TV-H, mikrosekunde 10 kwa kisanduku, utaona mstari mzima wa picha umetulia mbele yako.

---

FundiMeza:

Mzee, shikamoo, na asante kwa kuja. DijitaliTu, sikukatazi dijitali, ninayo pia. Kujifunza triga kwenye ya tyubu kunakupa mkono unaojua, na mkono huo unakwenda nao kokote.

---

LehemuNaRisasi:

Fundi, hiyo HOLDOFF ndiyo sijawahi kuielewa. Nimeng'oa kipokezi cha rimoti kwenye TV mbovu ya Philips, kile cha miguu mitatu, nimekipa volti 5. Nikiminya rimoti naona mapigo mengi yamelaliana, hayasomeki.

---

FundiMeza:

Umeleta mfano ambao ningeuchagua mwenyewe.

Kama hiyo rimoti inatumia mfumo wa RC5 wa Philips, kila ujumbe una biti 14, kila biti inachukua milisekunde 1.78 hivi, ujumbe mzima karibu milisekunde 25. Ukiendelea kuminya, ujumbe unarudiwa kila baada ya milisekunde 114 hivi. Kwa hiyo kuna milisekunde 25 za maneno, halafu ukimya mrefu wa karibu 89.

Tuseme umeweka milisekunde 1 kwa kisanduku. Mfagio wa kwanza unaanza na ukingo wa kwanza unaoshuka, unakwenda milisekunde 10, unaisha. Lakini ujumbe bado unaendelea! Ukingo mwingine unaoshuka unakuja, triga inaukubali, mfagio wa pili unaanza katikati ya ujumbe. Kisha wa tatu. Vipande vitatu vya ujumbe mmoja vinachorwa juu ya kimoja. Hizo ndizo takataka unazoziona, na LEVEL haiwezi kukusaidia kwa sababu kingo zote zina urefu sawa.

HOLDOFF ni muda wa kuiziba triga masikio baada ya mfagio kuisha. Unataka mfagio na kiziba masikio kwa pamoja vizidi milisekunde 25 lakini visifike 114. Hapo triga itafunguka wakati wa ukimya, na ukingo wa kwanza itakaousikia ni mwanzo wa ujumbe unaofuata. Daima mwanzo.

Mkono kwa mkono: modi NORM, SLOPE upande wa kutoa (kipokezi hiki kikiwa kimya kinakaa volti 5, kikipata mwanga kinashuka), COUPLING DC, LEVEL kama volti 2.5. Minya rimoti usiiachie, zungusha HOLDOFF taratibu kutoka mwanzo. Kuna mahali mapigo yatajichambua ghafla. Nusu ya biti itakuwa kasoro kidogo ya kisanduku kimoja. Picha itapepesa kwa sababu inachorwa mara 9 hivi kwa sekunde, kwa hiyo zima taa.

Kama skopu yako haina HOLDOFF, zungusha kidogo nobu ndogo ya VAR iliyo katikati ya TIME/DIV. Inabadilisha urefu wa mfagio, na mara nyingi inatosha kuukwepa ukingo mbaya. Ila taa ya UNCAL ikiwaka jua kwamba vipimo vya muda kwenye skrini si vya kuaminika tena mpaka uirudishe.

---

LehemuNaRisasi:

Yamejichambua! Nimehesabu biti za mwanzo. Swali jingine, nataka kupima pawa saplai ya TV upande wa kuingilia umeme, triga niweke nini?

---

FundiMeza:

Simama hapo kwanza. Usichomeke chochote.

Ile klipu nyeusi ya probu imeunganishwa na bodi ya skopu, na bodi imeunganishwa na ethi ya ukutani. Upande wa kuingilia umeme wa pawa saplai ya swichi, ule wenye kapasita kubwa ya volti 400, umekaa kwenye umeme wa ukutani bila kutenganishwa, na kapasita ile ina volti zaidi ya 300. Ukibana klipu pale, umeunganisha umeme na ethi kupitia probu yako. Klipu inayeyuka, diodi zinapasuka, na wewe uko karibu.

Wapo wanaokata pini ya ethi ya skopu ili "isilete shoti". Nawaomba msifanye hivyo. Hapo mwili mzima wa skopu, na kila nobu ya chuma, unakuwa na umeme. Tumia transfoma ya kutenganisha ya 230 kwa 230 kwenye TV inayopimwa, na ethi ya skopu ibaki palepale. Huna transfoma hiyo? Pima upande wa pili tu, ule wa kutoa umeme baada ya transfoma ya pawa saplai. Triga ya CH1 itatosha.

---

BintiWaMaabara:

Fundi nimerudi. NORM na DC zimefanya kazi, mchoro umetulia kabisa. Kipindi chote ni visanduku 4.6, mara 50, ni milisekunde 230. Hesabu ilikuwa 208. Juu unakaa visanduku 3 na kidogo, chini 1 na nusu. Je, tumekosea kusoma?

Pia tuliweka chaneli ya pili kwenye kapasita, SOURCE tukabonyeza ALT kama ilivyokuwa. Zikaonekana zinaanza pamoja.

---

FundiMeza:

Hamkukosea kusoma. Tazameni uwiano: juu mara mbili ya chini. Resista mbili zikiwa sawa, 555 inatakiwa itoe hivyo hivyo, 2 kwa 1. Kwa hiyo resista ziko sawa kati yao, na kilichovuta muda kwa asilimia 10 ni kapasita. Za elektroliti kwa kawaida zinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 20. Wekeni nyingine ya mikrofaradi 10 kutoka pakiti tofauti mtaona muda unahama na uwiano unabaki.

Kuhusu ALT: hiyo picha ya pili imewadanganya. Triga ya ALT inaisikiliza kila chaneli kwa zamu yake, kila moja inachorwa kuanzia pale ilipovuka LEVEL yenyewe. Ni nzuri kwa mawimbi mawili yasiyohusiana. Lakini kulinganisha muda kati yao haiwezekani, uhusiano wenyewe umeshatupwa. Rudisheni SOURCE kwenye CH1, na kwa kasi hii ndogo tumieni CHOP (skopu inarukaruka haraka kati ya chaneli ndani ya mfagio mmoja) kuonyesha chaneli zote mbili. Mtaona kapasita ikijaa wakati mraba uko juu na ikishuka wakati mraba uko chini, kati ya volti 3 na 6.

---

BintiWaMaabara:

Tumeona. Inapanda kutoka 3 hadi 6, inageuka palepale mraba unaposhuka. Tumebadilisha kapasita, sasa ni visanduku 4.1. Mwenzangu anaomba samahani kwa saketi.